Simba na Ukoo Wake

Jirani yangu hapa Mikinduri, Mama Kendi, aliomba mbwa wake jike apandwe na mbwa wangu Simba. Nikakataa mpaka daktari wa mifugo ampime huyo jike damu na nyonga. "Siwezi kuharibu ukoo wa Simba," nilimwambia nje ya kanisa, watu wote wakisikia.

Jumamosi daktari akaja, na majirani wakajaa uani kama wamekuja posa. Mbwa wa Mama Kendi akapita vizuri.

"Sasa dume," daktari akasema.

Nikamwambia Simba hahitaji kupimwa, afya yake inaonekana tu. Daktari akainama nyuma yake, kisha akanitazama kwa huruma.

"Mzee, ulimnunua akiwa mkubwa? Huyu alihasiwa kitambo."

Mama Kendi akashika kamba ya mbwa wake. "Baba Mwenda," akaniuliza polepole, "ule ukoo ulikuwa upi?"