Ukinzani wa Kioo cha Njano

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya chuo hapa Bariadi nilikabidhiwa koti jeupe lililonifika vidoleni, na bika, ile bilauri ya maabara, yenye amonia inayochoma pua. Nilisimamisha vipande vya kioo ndani yake, nikatia chumvi za kadimiamu na salfa, nikapasha moto taratibu. Baada ya saa moja kioo kilivaa utando wa njano, mwembamba hata unamwona mtu ng'ambo. Utando kama ule, niliambiwa, ndio unaotengenezewa sola.

Kupima mwanga unaopenya ilikuwa kazi ya mashine. Mimi nilipewa ukinzani, yaani jinsi utando unavyoubania umeme usipite. Nilikaa kwenye stuli, dirisha nyuma yangu, kioo mbele, nikaandika namba za mita ya ukinzani. Mkuu wa Maabara, mzee wa Maswa mwenye hasira za karibu, alipoingia kukagua, niliteremka nikapiga magoti, nikamwamkia kwa Kisukuma kama nilivyolelewa: "Mwangaluka, baba." Akishaitikia anaitazama mita, na namba imeshuka kabisa, si ile niliyoandika.

Mara ya tatu akasema ninapika namba. Ripoti yake ilizisubiri, nami bado nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. "Ukinidanganya tena, unarudi Ngulyati kulima pamba." Jamani, nilichanganyikiwa. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha betri, nikafunga na kuomba. Nikiwa peke yangu namba inatulia. Mzee akiingia, inaanguka. Nikaanza kuamini kioo kinamwogopa.

Siku ya nne nilikata tamaa, nikasema leo simsalimu mtu. Akaingia, nikabaki stulini nimemgeuzia mgongo. Namba ikasimama palepale. Aliitazama mita, akageuka kulitazama dirisha. Kisha akaniondoa, akakaa mahali pangu, na mzee mzima yule akashuka akapiga magoti sakafuni. Namba ikaanguka.

"Ni mwanga," akasema akiwa bado chini. "Ukikaa unakitia kivuli. Ukinisalimu, jua la dirishani linakipiga. Hukudanganya, mwanangu."

Sikujua niitazame mita au nimwinue.

Tukatupa daftari zima, tukaanza kupima upya, kioo kikiwa ndani ya boksi jeusi lisiloingiza mwanga. Sasa nimestaafu, na vijana wananieleza kwamba mwanga huamsha chembe za umeme zilizolala ndani ya utando. Naitikia tu, sijaelewa vizuri. Ninachojua ni kwamba adabu yangu nusura initoe kazini, na utovu wa adabu wa siku moja ndio ulioniokoa. Binti zangu wakiniuliza kama wawapigie wakubwa magoti huko kazini kwao, nawasimulia habari ya kioo cha njano.