Maziwa ya Nashilu yaliyogoma kuganda

Kibuyu kinacheza kama kimejaa maji. Nashilu anakitikisa tena, sikio karibu na mdomo wake, kisha anakiweka mlangoni na kukitazama. Maziwa yamelala humo tangu juzi. Kufikia sasa yangekuwa mazito, yanadunda. Haya yanachuruzika.

Hayajaoza. Anachovya kidole na kuonja: ni matamu vilevile kama yalivyokamuliwa. Hilo ndilo linalomchanganya.

Nashilu ana miaka ishirini na miwili. Anagandisha maziwa nyumbani kwa wakwe zake, juu kidogo ya Kisongo, na kuwauzia mama lishe wa jirani na uwanja wa ndege. Aliishia darasa la tano. Akiulizwa swali hutazama vidole vyake kwanza.

Siku nzuri huuza lita kumi na mbili. Wiki iliyopita hakuuza hata kikombe.

"Mkono wake umeharibika," anasema mama mkwe wake, Nashipae, bila kupunguza sauti. "Vibuyu ni vyangu. Nitampa Diana." Diana anaishi boma hilohilo, ameolewa na Lemomo, shemeji yake Nashilu.

Nashilu alivisugua vibuyu upya. Akavifukiza kwa kijinga cha oloirien, mti unaoyapa maziwa harufu yake, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuvifukiza. Maziwa yakagoma tena.

Mwanga kidogo ulitoka kwa bwana mifugo, Abdiel, aliyepita kumwona ng'ombe aliyekuwa amevimba kiwele. Alimkuta amepona. Lemomo alikuwa amemchoma sindano mwenyewe. Zamani dawa ilitoka kwa bwana mifugo. Tangu biashara ya dawa iachwe huru kwa kila mtu, chupa zimepangwa madukani mjini na anayetaka anabeba.

"Penisilini hiyo," Abdiel alisema. "Maziwa yake mliyamwaga?"

"Tumwage maziwa, daktari? Sisi wazungu?" Lemomo alicheka.

Abdiel aliokota mpira wa ngozi wa watoto. Kila bakteria, alieleza, ana utando mwembamba unaozuia vya ndani visimwagike, kama bladda iliyo ndani ya mpira huu. Nje ya utando kuna ukuta, kama ngozi hii. Penisilini inaharibu ukuta. Utando unabaki bila wa kuushika, unavimba, unapasuka.

"Basi mdudu wa kiwele kafa," Nashilu alisema polepole. "Wa kibuyuni alikosa nini?"

"Hakukosa. Dawa imepita kwenye damu, ikaingia kwenye maziwa. Na anayegandisha maziwa ni bakteria vilevile, naye ana ukuta."

"Kwa hiyo yasiyoharibika ndiyo mabaya?"

"Kwa mtindi, ndiyo. Na kwa mnywaji pia si mazuri."

"Shemeji anataka ng'ombe afe ili mtindi ugande," Lemomo akadakia, na watu wakacheka.

Nashilu hakucheka. Hadi leo anasema haelewi vizuri jinsi sindano ya pajani inavyofika kibuyuni. "Huo ukuta sijauona," anasema. "Utando pia sijauona."

Lakini alifanya alivyoelekezwa. Maziwa ya ng'ombe yule aliyatia kibuyu kimoja, ya wengine kibuyu kingine. Awali aliyachanganya yote, kama kila mwanamke wa hapa. Kibuyu cha pili kimeganda. Cha kwanza ndicho hiki kilicho mlangoni.

Anachotaka sasa ni kidogo: kila ng'ombe anayechomwa dawa afungwe kamba shingoni, maziwa yake yamwagwe mpaka bwana mifugo aseme basi. Ila kwanza abaki na vibuyu.

Nashipae anaingia uani na kapu. Anakichukua kile cha mlangoni, anakitikisa, anasonya. Anakitia kapuni na kunyoosha mkono kuchukua cha pili.

Nashilu anasimama. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hatazami vidole vyake.

"Yeyo," anamwambia mama mkwe wake, "dawa ya Lemomo imemponya ng'ombe, na dawa hiyohiyo imegomesha maziwa. Mimi mwenyewe sijaelewa imekuwaje. Lakini mkono wangu hauna kosa. Niachie vibuyu."