Nilimfuata Mdogo Wangu Osiri

Kwa miaka sita nilifanya kazi katika zahanati moja karibu na Magunga. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta watu walioacha kuchukua dawa za virusi vya UKIMWI. Mimi mwenyewe nazimeza, ndiyo maana walinichukua. Asubuhi muuguzi alinipa orodha, nikaenda boma kwa boma nikirudia maneno yale yale: usiruke hata siku moja, meza saa ile ile. Niliyasema mpaka yakanichosha masikio.

Siku moja kwenye orodha nikakuta jina la mdogo wangu.

Alikuwa mjane. Mumewe alipofariki alikwenda kisiwani Mfangano kuuza samaki, lakini samaki walikuwa wamepungua, na wavuvi waliwauzia kwanza wanawake waliokubali kulala nao. Alikataa kwa miezi, akiondoka ufuoni na beseni tupu, watoto wake wawili wakilalia uji. Mwishowe akakubali. Aliniambia hayo siku niliyompeleka kupimwa, na mimi, badala ya kunyamaza, nikamgombeza. Nikamwuliza kama hakuwahi kusikia habari za kondomu.

"Nilisikia," akasema. "Lakini mwenye samaki ndiye anaamua."

Baadaye aliniachia watoto akaenda kutafuta kibarua kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri. Kila nilipompigia alisema anachukua dawa huko huko. Nilimwamini kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi.

Nilimfuata huko na orodha yangu, nikamkuta ameketi chini kati ya wanawake wengine, akiponda mawe kwa nyundo chini ya turubai lililochanika. Vumbi lilikuwa limemfanya mzee. Aliuona mfuko wangu wa kazi, akatabasamu kidogo.

"Nyamera, umetumwa ama umekuja?"

"Nimetumwa," nikasema, na papo hapo nikaona haya.

Hakuwa amemeza dawa tangu mvua za kwanza. Alikula mara moja kwa siku, jioni. Akimeza tumbo likiwa tupu alishikwa na kizunguzungu, na siku moja nyundo ilimpiga kidole. Ukucha ulikuwa bado mweusi. Siku ya kliniki ilikuwa siku bila kibarua, na akirudi alikuta nafasi yake imekaliwa. Tena alilala chumba kimoja na wanawake wanne, na hakutaka waione chupa ya dawa.

"Umenihubiria sana," akasema, bila hasira. "Hata siku moja hukuniuliza kama nimekula."

Nilimpeleka kwenye kibanda cha chakula, tukala ugali na omena. Alikula polepole, akikohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichonitia hofu. Kesho yake tulipanga foleni kwenye kituo cha afya cha jirani tangu asubuhi. Walitaka barua kutoka zahanati yetu. Nikapiga simu, nikabembeleza, mpaka alasiri wakakubali kumpima. Alikuwa na kifua kikuu.

Nilirudi naye nyumbani. Kwa miezi sita alikula kwangu pamoja na watoto wake na wangu. Hakuna ujuzi wowote nilioutumia, nilipika tu. Mwili ukarudi, kikohozi kikakoma, na vipimo vikaonyesha virusi vimeshuka. Muuguzi alinipongeza. Nilitamani kumwambia kwamba kwenye orodha yake kuna watu wengi, na mimi nina sufuria moja.

Lakini shamba langu ni dogo na mahindi yaliisha. Akarudi Osiri. Sikumzuia, ningemzuia na nini? Safari hii alikwenda na barua ya zahanati ya kumwezesha kuchukua dawa kituoni huko, na mama mmoja anayeuza uji machimboni anamwekea dawa zake na kumpa kikombe kabla ya kazi. Mama huyo anazo zake pia.

Mimi niliacha kazi mwaka uliofuata. Si kwamba nilifukuzwa. Nilifika mlangoni kwa kijana fulani wa boti aliyeacha dawa, nikafungua mdomo kusema yale maneno, yakakataa kutoka. Nikamsalimu tu, nikaondoka.

Mdogo wangu alipiga simu Jumapili. Dawa anameza. Ila mvua imejaza mashimo, kazi imesimama, na anasema wanawake kadhaa wanafikiria kwenda visiwani kujaribu samaki.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Bado nafikiria," akasema.