Samaki Aliyeitwa Amosi

Mama Amosi wa hapa kwetu Didia anaponda kokoto, na sitaki mtu amwonee huruma mbele yangu kwa kazi hiyo. Kilichomvunja moyo ni samaki.

Amosi, mwanawe wa pekee, alikuwa mchimbaji wa almasi. Siku moja alimletea mama yake bamba la jiwe lenye samaki ndani yake, mifupa na magamba yote yanaonekana. Mwaka huohuo shimo likamfukia. Hakuacha mtoto. Kwetu Usukumani marehemu hurithiwa jina na wajukuu, na la Amosi likakosa wa kulibeba.

Ndipo akaja Daktari Edward, mtaalamu wa visukuku, viumbe wa kale waliogeuka mawe. Akasema samaki yule aliishi katika ziwa lililokauka mamilioni ya miaka iliyopita, na hafanani na yeyote anayejulikana, kwa hiyo anastahili jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lenye jina lake la kitaalamu. Mama Amosi aligoma kutoa jiwe. Edward akamwahidi kwamba jenasi hiyo wataiita Amosia.

"Jina litaandikwa vitabuni, mama. Halitafutika."

Mama Amosi akampa jiwe. Tangu hapo alitamba na habari hiyo kanisani, gulioni, kisimani, mpaka tukamchoka.

Mwezi uliopita Edward alirudi. Nilikuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amosi wangu hajambo huko?"

Edward akaangalia viatu vyake. "Mama, tumeyachunguza meno ya samaki upya. Kumbe ni wa jenasi iliyokwisha kupewa jina zamani, kwa samaki wa nchi nyingine. Kwa kanuni zetu jina la kwanza ndilo linalobaki. Amosia halitumiki tena."

"Basi nirudishie jiwe langu."

"Haliwezi kutoka, mama. Ndilo ushahidi wetu."

Nilitamani kumzaba kofi. Halitafutika, alisema! Jina wamelitupa, jiwe wamelikalia. Mama Amosi hakulia wala hakugomba. Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, kama ilivyo ada, akarudi kwenye kokoto zake.

Siku hizi kila jiwe analigeuza pande zote kabla ya kulipiga nyundo. Kazi imekuwa ya kobe, na wateja wananung'unika. Jana nikashindwa kuvumilia.

"Mama Amosi, haya ni mawe ya mlimani. Hayawezi kuwa na samaki."

"Najua," akasema, akachukua jingine, akaligeuza.