Gurudumu la Dripu

Mimi ni mtu wa haraka, na haraka yangu nusura imuue mama yangu. Haraka haraka haina baraka, tuliiimba shuleni mpaka tukachoka, lakini mimi sikuisikia.

Mama alilazwa kwa kuhara, na moyo wake ni mdhaifu tangu zamani. Nesi alimtundikia dripu, akapunguza kasi kwa kile kigurudumu cha plastiki kwenye mpira, maji yakawa yanashuka tone moja moja. Nyumbani, majani chai niliyochuma asubuhi yalikuwa yananyauka guniani, na lori la kiwanda hufika kituo cha kununulia chai saa tisa, halingoji mtu. Nami nilikuwa nimemwahidi mama sitatoka kabla dripu haijaisha. Nikawaza, nesi huyu ni mvivu tu. Alipokwenda kitanda kingine, nikasukuma kigurudumu mpaka mwisho.

Dripu iliisha upesi. Maji mengi kwa mara moja yaliulemea moyo wa mama, akaanza kuhema, kifua kikikoroma. Nesi, aliyekuwa peke yake na wodi nzima, alikuja mbio, akamkalisha, akamwekea oksijeni, akamdunga sindano. Pumzi ikarudi. Kaka yangu akaingia wakati huo huo, akaanza kumfokea nesi.

"Sista, unataka kuua mama yetu? Kazi yako ni kukaa tu?"

Daktari naye akamwambia nesi aandike maelezo, kwamba huenda akasimamishwa kazi. Niliona haya, nikamwacha mtu mwema abebe mzigo wangu.

Usiku ule sikulala. Asubuhi niliingia ofisini kwa msimamizi wa wauguzi, nesi akiwa ameketi mbele yake na karatasi yake, nikasema ni mimi. Msimamizi alinikaripia, na nilistahili. Kisha akamwambia nesi arudi wodini, kesi imeisha.

Mlangoni nikamuuliza nesi kama hakunishuku.

"Nilijua, dada. Hapo kitandani ulikuwa wewe peke yako."

"Na ukanyamaza?"

"Mama yako alikuwa anasikia. Si ni wewe utampea dawa huko nyumbani? Akikuogopa, atameza kweli?"

Kazi yake ilikuwa inaponyoka, naye anafikiria tembe za mama yangu. Namshukuru mpaka leo, na mtu akianza kuwatukana manesi mbele yangu, hamalizi.

Mama nilimweleza mwenyewe alipopata nguvu. Aliguna tu. Kila asubuhi kabla sijaenda kuchuma, namwekea tembe kiganjani, naye humeza bila kuuliza ni za nini.