Mkono wa Mama Kwenye Kioo cha Simu

Pale kwenye duka la rangi na vifaa vya ujenzi walimwita Jicho, na jina likamkaa. Alikuwa msimamizi wa stoo, mwanaume wa makamo mwenye tumbo la kistaarabu na simu ambayo haikukaa mfukoni hata kwa bahati mbaya. Mteja akija kuulizia misumari, kwanza aonyeshwe shamba. "Hebu ona," Jicho angesema, akimsogezea mtu simu mpaka puani. "Geti lile. Zizi lile. Na pale barazani ndiyo mama. Niko hapa, niko kule!" Kule penyewe, jamani, hakuwa amekanyaga tangu siku kamera zilipofungwa.

Maana kamera zenyewe zilikuwa dawa ya kuzima maneno. Dada yake, mshonaji kwenye kimji kilicho karibu na shamba, alikuwa hachoki kumsema: "Kaka, mama anazeeka peke yake kule porini. Njoo umwone." Basi Jicho akanunua kamera. Za kisasa, zinazotumia umeme wa jua, na antena ndefu ikafungwa juu ya bati, kwa kuwa mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Ukitaka kupiga simu ya kawaida, sharti upande kilima kilicho nyuma ya zizi.

Fundi alijitahidi kumweleza. "Bosi, sikiliza. Video haitapita huku. Itakuja picha moja moja. Na mtandao ukikatika, simu yako itabaki na picha ya mwisho, kwa hiyo usiiamini kabla hujaangalia saa hii ndogo hapa pembeni."

"Sawa, sawa, fundi," alisema Jicho, na wala hakusikia kitu. Alikuwa anajipiga picha chini ya kamera, kidevu juu.

Kisha akamwita mama yake, akamsimamisha barazani. "Mama, ukipata shida yoyote usihangaike kupanda kilima. Ipungie hii mkono. Mimi nakuona saa zote."

"Saa zote?"

"Saa zote, mama."

Mama akaamini. Aache vipi kuamini, na ni mwanawe wa kumzaa?

Asubuhi moja picha ikaingia: mama kwenye kiti barazani, mkono juu. Loo! Kichwa kikamvimba Jicho, akazunguka nayo duka zima, kuanzia kwenye mabomba hadi kwenye vigae. "Mama ananisalimia! Mnaona upendo huo?" Akaiweka hadi kwenye uso wa simu. Kesho yake akafungua kamera: mama, mkono juu. Keshokutwa, mkono juu vilevile, kiti kilekile, gauni lilelile la maua. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Yeye alizidi kuchanua.

Keshia, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, ndiye aliyeuliza. "Hivi mama yako habadilishi nguo?"

"Mama yangu hana makuu."

"Na mkono je, hauchoki?"

"Wivu tu huo," akajibu Jicho, akaenda kumtafuta mteja mwingine wa kumwonyesha.

Siku hizo simu ya dada yake iliita na kuita, naye akawa anaikata. Wimbo alishaujua: njoo umwone mama. Mwishowe dada akapiga simu ya duka, keshia akamkabidhi Jicho.

"Kaka, mama yuko hospitali. Aliteleza kisimani, amevunjika mguu."

"Acha uzushi wako. Mama yuko barazani, namwona hapa."

"Unamwona nani?"

"Mama! Amekaa, ananipungia!"

Dada akashusha sauti. "Alijikokota mpaka barazani, akakaa anapunga mpaka jua likazama. Hata kelele hakupiga. Alisema wewe unamwona. Mnunuzi wa maziwa ndiye aliyemkuta kesho yake, akamleta huku."

Jicho akaitazama simu. Kwa mara ya kwanza akaisoma ile saa ndogo ya pembeni. Ilikuwa imesimama palepale, asubuhi ileile aliyokuwa akizunguka na picha dukani. Akakaa juu ya ndoo ya rangi.

Alifika hospitali na mfuko wa matunda ambao wagonjwa wa wodi nzima wasingeumaliza. Mama alikuwa amelala chali, mguu kwenye plasta, uso umenywea.

"Pole, mama. Unajua, mtandao wa kule..."

"Nilikupungia, mwanangu. Ulisema nipunge."

"Nilikuona, mama," likamtoka.

Dada yake akageukia dirishani. Jicho alitamani alirudishe lile neno mdomoni alimeze, lakini ndiyo hivyo tena, lilishasikika. Mama alimtazama. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Kazitoe zile kamera," akasema. "Nikianguka tena, nijue niko peke yangu, nipige kelele mapema."