Kidole cha Herufi Y

Wanangu wawili hawawezi kutumia kompyuta moja. Kila mmoja amezoea mfumo wake, na akitumia ya mwenzake analalamika kwamba vitu haviko mahali pake. Wao hucheka. Mimi humkumbuka mpiga chapa mwenzangu wa Tabora, miaka ya vijiji vya Ujamaa.

Ofisini tulikuwa na taipureta za kila namna. Yake ilikuwa ya Kijerumani, aliyopewa na mapadri waliomfundisha kazi. Herufi Y na Z zilikuwa zimebadilishana mahali. Sisi wengine ilitushinda; yeye aliipiga bila kuitazama.

Likaja agizo kwamba mashine zote ziwe za aina moja. Yake ikapelekwa stoo. Aliomba aachiwe, akaambiwa asilete ubinafsi.

Kwenye mashine mpya, kidole chake kilipotafuta Y kilitoa Z. "Yangu" ikawa "zangu". Alifuta mpaka karatasi zikatoboka.

Siku moja alipiga barua ya kwenda Usoke, kuhusu mjane aliyekuwa akihamishiwa kijiji kipya. Mjane alikuwa na nyumba mbili. Ilikubaliwa ibomolewe ile kongwe tu. Katika nyingine angekaa mpaka tumbaku yake iliyotundikwa humo ikauke. Niliisoma barua kabla haijatiwa saini. Ilisema, "Abomolewe nyumba zake kongwe." Kiswahili kilikuwa sawa, nikaipitisha.

Wiki chache baadaye mjane alishuka kwenye treni akaja ofisini. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nisomee hiyo barua. Mimi sijui kusoma."

Nikaitoa nakala kwenye jalada, nikamsomea.

"Umesema zake?"

"Ndiyo, mama."

Mwenzangu alisimama nyuma ya meza yake. "Mama, kosa ni langu. Ni kidole changu."

Mama yule alikitazama kile kidole kwa muda. "Tumbaku imenyeshewa yote," alisema. "Wajukuu wanalala kwa jirani." Alifunga khanga yake vizuri akarudi stesheni.

Nilikaa kimya, mimi niliyeisoma. Yeye ndiye aliyepewa karipio la maandishi, nami ndiye niliyeambiwa nilipige chapa.

Aliomba kuhamia masijala. Huko alipanga majalada mpaka alipostaafu, na hata majina juu ya majalada aliyaandika kwa mkono.